Nyigu Kupona Dawa Si Kusalimika

Geuza jani lenye vidukari utazame upande wa chini. Katikati yao utakuta wachache waliovimba wakawa kama vishanga, rangi ya majani makavu, hawatikisiki hata ukiwagusa kwa ukucha. Baadhi yao wana tundu la duara nyuma, limekatwa vizuri kabisa. Hapo ndipo alipotokea nyigu mdogo, rafiki wa mkulima. Mama yake alitaga yai moja ndani ya kidukari, buu akamla kwa ndani, akakua, akatafuna ganda na kutoka.

Mimi nikiona maganda hayo naweka bomba chini. Wengi hudhani ni ugonjwa mwingine wakaongeza dawa, na hilo linaniuma.

Tukitaja madhara ya dawa kwa nyigu hawa, huwa tunahesabu waliokufa tu. Ninaowahofia zaidi ni waliopona. Nyigu humtafuta kidukari kwa harufu: mmea unaofyonzwa hutoa harufu yake, naye huifuata kwa vipapasio. Dawa nyingi, pairethroidi na neonikotinoidi zikiwemo, hushambulia mfumo wa fahamu. Kiasi kidogo kisichomuua kinaweza kumpotezea njia, au akataga mayai machache. Ukimwona utasema mzima, kumbe kazi haifanyi tena. Hata aliye ndani ya ganda hajanusurika. Siku ya kutoka analitafuna lile lile lililonyunyiziwa.

Kidukari jike naye huzaa watoto hai bila kuhitaji dume. Wakibaki wachache tu, siku si nyingi chipukizi limejaa tena. Nyigu hawezi kuongezeka mpaka vidukari wawepo kwanza, kwa hiyo daima anarudi nyuma yao. Mkulima anaona wadudu wamerudi, ananyunyiza tena, na nyigu anazidi kuachwa.

Nguvu ya nyigu hawa haihitaji kubishaniwa. Vidung'ata vya muhogo, wadudu wanaofyonza mmea huo, vilipoingia Afrika miaka ya 1970 viliteketeza mashamba. Nyigu mmoja mdogo, Anagyrus lopezi, alitolewa Paraguay akaachiwa Nigeria mwaka 1981 ili avishambulie, kisha akasambazwa katika nchi nyingi za bara hili. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Sisemi dawa zitupwe. Kwa viwavi, dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis hufanya kazi ikiliwa, hivyo nyigu anayetua tu juu ya jani kwa kawaida haimdhuru.

IOBC, shirika la kimataifa la kudhibiti wadudu waharibifu kwa kutumia viumbe hai, limeshaweka madaraja 4 ya kupima dawa kwa wadudu rafiki, kuanzia isiyo na madhara hadi yenye madhara makubwa. Mkulima anayesimama dukani na chupa mkononi halioni daraja hilo. Kibandiko mara nyingi kinamwonya kuhusu nyuki na samaki. Nataka na daraja la nyigu liandikwe pale pale, kwa herufi zinazosomeka, kabla hajalipa.