Fundi Cherehani na Saa ya Rubani

Mtu akikusifia saa kwamba namba zake zinasomeka kwa mbali, muulize kwanza: zinasomwa na nani? Mimi tangu nivae hii saa ya rubani, hapa Mwanga, Kigoma, siisomi peke yangu. Anaisoma dereva wa bodaboda aliyeegesha ng'ambo ya barabara. Anaisoma mama muuza migebuka na beseni lake kichwani, wala hapunguzi mwendo. Simu wanazo wote, lakini eti, "Fundi, hebu inua mkono kidogo." Nainua. Kitambaa kinakwenda upande, mshono unapinda kama njia ya panya, na mwenye nguo akija kulalamika, yule aliyeuliza saa ameshafika Gungu.

Saa yenyewe alinitafutia mpwa wangu kule Kariakoo. Mtumba, shilingi 85,000, na nauli ya kifurushi juu yangu. Kampuni siitaji, ni Mjapani, inatosha. Kijana akanipigia simu kwa furaha: "Mjomba, hii ni ya marubani!" Nikamuuliza mimi narusha nini, vifungo? Akacheka, akaanza kunipa darasa kwa vocha yangu mwenyewe. Kumbe saa za mtindo huu walikuwa nazo Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, zina upana wa milimita 55, zinavaliwa juu ya koti la kurukia kwa mkanda mrefu. Tena mwenye kuitegemea zaidi hakuwa rubani, bali yule mwenzake wa ramani, anayepiga hesabu ndege iko wapi. Milimita 55! Fundi kama mimi hahitaji futi kujua hiyo ni sentimita tano na nusu. Hao Wajerumani ndio wale waliotuletea meli ya Liemba vipande vipande ndani ya masanduku, wakaiunga hapahapa Kigoma na kuishusha majini mwaka 1915. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaambia habari ya vitu vidogo.

Yangu ni milimita 37, na hapo nasema bila kulipwa na mtu: hicho ndicho kipimo. Mkono wangu mwembamba, na saa inakaa katikati ya mfupa na mfupa bila kuning'inia. Inapita chini ya mkono wa shati hata ukifunga kifungo. Kitufe cha pembeni wamekisogeza chini kidogo, kwa hiyo nikikunja kiganja kusukuma kitambaa hakinichomi. Vijana wa hapa sokoni wanavaa masaa ya milimita 46, mkanda unabaki na pengo la kupitisha kidole, halafu wanakuja kwangu niwapunguzie suruali ziwabane. Suruali ibane, saa ipwaye. Haya.

Ugomvi ulianza kwenye uso wa saa. Sisi Waswahili tumezoea: mshale mfupi ukikaa kwenye 7, tunasema saa moja. Macho yanaona hili, mdomo unasema lile, na hakuna aliyewahi kulazwa hospitali kwa hilo. Sasa hii ya rubani namba kubwa za nje ni za dakika: 5, 10, 15, hadi 55. Namba za saa wamezibana ndani, kwenye kiduara kidogo, kama watoto wa mke mdogo. Pale palipokuwa na 7 pameandikwa 35. Mwanangu wa darasa la tatu, ambaye mwalimu wake amemfundisha saa ya ukutani akaelewa, aliiangalia akaniambia, "Baba, saa thelathini na tano." Mteja mmoja alikuwepo, akasema ndiyo maana nguo zake hazitoki.

Juu kabisa, mahali pa 12, hakuna namba. Kuna pembetatu na vidoti viwili, ili rubani akitupa jicho gizani ajue upande wa juu ni upi. Kwangu pembetatu ile ni saa sita mchana, maana yake nianze kunusa jikoni. Na inang'aa kweli. Umeme ukikatika, ile rangi inawaka kijani kwa madaha, naona fahari, namwita mke wangu aje aone; kabla hajafika imeanza kufifia. Siku ameiona, alisema, "Sasa washa tochi tutafute kiberiti."

Haina betri, na hapo ndipo mpwa wangu alijiona amenipatia. Ndani kuna kipande cha chuma cha nusu duara, ukitikisa mkono kinazunguka, kinakaza springi, saa inatembea. Ukiivua, akiba yake ni kama saa 40 hivi. Vizuri. Lakini cherehani yangu ni ya miguu! Kutwa nzima mikono imetulia juu ya kitambaa, miguu ndiyo inayokimbia. Saa hii ningeivaa kwenye kifundo cha mguu ingeshiba hadi Idi. Na huwezi kuijaza kwa kitufe kama saa za ufunguo za wazee wetu. Kitufe chake ni cha mishale na tarehe tu. Inabidi uitikise. Jumatatu moja ya sikukuu nilikuwa nimekaa barazani naitikisa saa kwa utaratibu, jirani akapita akanipungia mkono na yeye, nikampungia, akasimama, mazungumzo yakaanza, na mazungumzo yenyewe yalikuwa ya kukopa.

Kuhusu usahihi nisikudanganye. Inakwenda mbele sekunde kadhaa kila siku, na saa nyingi za mashine za bei hii ndivyo zilivyo. Ile ya betri ya shilingi 5,000 inayouzwa juu ya turubai, karibu na mitego ya panya, itaishinda mwezi mzima bila kutoka jasho. Ukitaka kuisawazisha kwa redio, usubiri zile pii za saa mbili usiku, basi ukivuta kitufe mshale wa sekunde hausimami. Unakwenda zake. Unabaki umeshika kitufe, taarifa ya habari imeanza, umekosa saa na umekosa vichwa vya habari.

Maji nayo. Mgongoni imeandikwa mita 30. Mvuvi mmoja wa Kibirizi aliposoma hivyo akataka tukajaribu. Nikamwambia ndugu yangu, hizo mita 30 ni za kwenye maabara. Maana yake kwa binadamu ni kunawa mikono na kunyeshewa kidogo. Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Ikidondoka huko hata mwenye kiwanda hataifuata.

Lakini yote hayo ningeyabeba. Tatizo ni kwamba nimenunua chombo cha kupima muda nikaja kukivaa Kigoma. Saa ya nchi hii inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haugusi hata ardhi yetu, uko huko baharini na samaki. Sisi tuko karibu na nyuzi 30. Kwa hiyo jua letu limechelewa kama saa nzima kuliko saa inavyosema, na kama dakika 38 nyuma ya jua la Dar. Saa moja asubuhi, watu wa Dar wameshachomwa na jua, sisi ndiyo kwanza linachungulia nyuma ya vilima. Utosini linafika saa saba. Ramadhani usiseme: redioni wa Dar wameshameza tende, sisi tumekaa na uji mbele yetu, jua bado liko juu ya milima ya Kongo linatutazama. Najua alfajiri wao ndio wanaotangulia kuacha kula. Njaa ya jioni haisikilizi hesabu hiyo.

Na hao wa ng'ambo nao wana saa yao. Kalemie kule, Bujumbura kule juu, wote wako nyuma yetu kwa saa moja. Shemeji yangu anafanya biashara ya vitenge, akiniambia "nitakuja saa nane," lazima nimuulize saa nane ya serikali gani. Hapo ndipo saa yangu ya rubani inapoduwaa mkononi. Yule Mjerumani na ramani yake alikuwa anapotea angani. Mimi napotea nikiwa nimekaa kwenye stuli.

Kibaya zaidi, imenivunjia kazi. Fundi cherehani asiye na saa husema "njoo kesho kutwa," na kesho kutwa ni nchi pana. Sasa wateja wanaona pembetatu, wanaona mshale mwekundu wa sekunde, wanataka dakika. Mama Neema alileta kitenge cha harusi ya mdogo wake akaniambia, "Fundi, wewe si una saa ya ndege? Basi saa kumi kamili." Saa kumi kamili akasimama mlangoni. Gauni lilikuwa na mkono mmoja.

Nikavua saa taratibu, nikavuta kitufe, nikarudisha mishale mpaka saa tisa mbele ya macho yake. Nikamwambia, "Mama, samahani, ofisi hii siku hizi inafuata saa za Bujumbura. Bado una saa nzima."

Akavuta stuli, akakaa, akafungua pochi.

"Hakuna neno, fundi. Elfu kumi na tano tulipatana, siyo? Nitakulipa hiyo hiyo. Kwa faranga za huko huko."