Oklahombi bado anaidai Marekani nishani

Tarehe 8 Oktoba 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walipatikana mashujaa wawili Ufaransa, na Marekani ikamkumbuka mmoja.

Wa kwanza ni Alvin York, mzungu wa Tennessee, aliyeteka Wajerumani 132 kwenye msitu wa Argonne. Alipewa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwake, na mwaka 1941 maisha yake yakatengenezewa filamu.

Wa pili ni Joseph Oklahombi, mtu wa Wachoctaw, mojawapo ya makabila ya wenyeji asilia wa Marekani, kutoka wilaya ya McCurtain, kusini mashariki mwa Oklahoma. Okla kwa Kichoctaw ni watu. Ndiyo okla ile ile iliyomo katika jina la jimbo lenyewe. Husimuliwa kwamba alitoka kwao kwa miguu hadi mji wa Idabel kwenda kujiandikisha jeshini. Siku hiyo ya York, upande wa magharibi wa Argonne, yeye na wenzake 23 walikuwa kijiji cha Saint-Étienne.

Hati ya Wafaransa iliyoambatana na nishani yake nimeisoma mara nyingi, na kila mara nakwama kwenye seng'enge. Mtu anakimbia karibu mita 190, makombora yanamwangukia, na mbele yake kuna waya wa miba unaong'ang'ania nguo na nyama. Ng'ambo ya waya, bunduki za rashasha zaidi ya 50. Akazifikia. Mateka wakawa 171. Bunduki zilizotekwa zikageuziwa wenyewe, na mahali pale pakashikiliwa siku nne chini ya mizinga na gesi ya sumu. Hati inaongeza kwamba alivuka mara nyingi uwanja ulio kati ya majeshi mawili, kupeleleza na kuwasaidia wenzake waliojeruhiwa.

Pétain, jemadari mkuu wa jeshi la Ufaransa, alimpa Croix de Guerre, nishani ya vita ya nchi hiyo. Jeshi lake mwenyewe likampa nyota ya fedha, basi.

Najua hoja inayoletwa hapa: mateka 171 ni kazi ya watu 24, si ya mtu mmoja. Nakubali, na hao wenzake nao wanastahili kutajwa. Lakini York naye alikuwa na wenzake saba walipowaswaga mateka wake, na hakuna aliyempunguzia nishani kwa sababu hiyo. Kipimo kiwe kimoja.

Kinachonichoma zaidi ni lugha. Kabla mwezi ule haujaisha, makamanda wa divisheni yake ya 36 waligundua kwamba Wajerumani wanasikiliza simu zao. Wakawakabidhi simu askari Wachoctaw, na Oklahombi anahesabiwa miongoni mwao. Rashasha haikuwa na jina kwa Kichoctaw, wakaiita bunduki ndogo ipigayo haraka. Vikosi wakavihesabu kwa punje za mahindi. Shambulio la Forest Ferme, ngome ya Wajerumani, likapangwa kwa lugha hiyo, na adui hakuambulia kitu. Ni lugha ambayo watoto wa Kichoctaw walikuwa wakiadhibiwa shuleni kwa kuisema. Mimi nimewahi kuvalishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama yangu uwanjani wakati wa mapumziko; kamba yake ya katani ilikuwa inawasha, na ulishinda nayo hadi umnase mwenzako. Ndiyo maana habari hii siwezi kuisoma kama ya watu wa mbali.

Tusiambiwe kwamba muda umepita. Henry Johnson, askari mweusi aliyepigana Ufaransa mwaka huo huo wa 1918, alipewa Medali ya Heshima mwaka 2015, miaka mingi baada ya kufa. Mlango upo, na umeshawahi kufunguliwa.

Oklahombi alirudi nyumbani akaishi kimya. Tarehe 13 Aprili 1960 alikuwa akitembea kando ya barabara, lori likamgonga, akafa. Amezikwa karibu na Broken Bow. Wampelekee nishani yake huko, na hotuba ya siku hiyo isomwe kwa Kichoctaw.