Gari Limeondoka na Handibreki Juu

Ukileta nyumbani Land Rover Defender kuukuu, umeleta na washauri. Mshauri wangu mkuu ni shemeji, mdogo wake mke wangu, anayejua kila kitu kuhusu magari isipokuwa kuyatengeneza. Wa pili ni mzee jirani, dereva mstaafu, aliyekuja kulikagua na sumaku mfukoni, maana sumaku hushika chuma lakini haishiki puti, ile rojo ya kuzibia bodi iliyooza kwa kutu.

"Nione kama hawajakupiga puti."

Akaibandika mlangoni, ikadondoka. Ubavuni, ikadondoka. Kwenye boneti, ikadondoka. Akanitazama kama mtu aliyekuja kunipa pole.

"Kijana, hili gari lote ni puti."

Nikamweleza kwamba bodi ya Land Rover ni aluminiamu tangu ile ya kwanza ya mwaka 1948, maana baada ya vita chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo. Sumaku na aluminiamu hazijuani. Mzee akasema "Ahaa," ile ahaa ya kumstahi mtu aliyetapeliwa, akaenda zake. Na kutu alikuwa nayo karibu kabisa, ila angeinama: chasisi ndiyo ya chuma, na ndiko iliko.

Kazi ilianza vizuri. Tukafunga springi za kuinua gari inchi 2, bampa la chuma na winchi. Viti nikavitoa vishonwe upya. Vitasa vya milango ya mbele vilikuwa vimekwama, nikaving'oa na kuifunga milango yenyewe kwa waya, kwa hiyo tukawa tunaingilia mlango wa nyuma kama mizigo.

Sasa, ukiinua gari, propela ya nyuma, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi tairi za nyuma, inakaa mshazari zaidi, na kama viungio vyake vimechoka, hapo ndipo vinapoanza kulalamika. Vyangu vilikuwa vinapiga kelele hadharani. Nikavuta handibreki mpaka mwisho, nikaweka jiwe kubwa mbele ya tairi kwa sababu uwanja wangu una mteremko wa kuelekea uani kwa mzee, nikaingia chini na spana.

Nati za propela hiyo ni za inchi 9/16. Aliye na spana za milimita tupu atateseka: spana ya 14 haiingii, ya 15 inazunguka bure na kukuachia ngozi ya kidole kwenye chasisi. Shemeji alishauri tuigonge ya 14 kwa nyundo mpaka ikubali. Nikaazima ya 9/16. Nati zikaachia moja moja, huku zikinimwagia machoni udongo wa safari ambazo sikuwahi kwenda. Hatimaye nikatambaa nje nimeikumbatia propela, nikampelekea shemeji aone kiungio kilivyolika.

Nikamkuta kivulini, amekaa kitako. Juu ya jiwe.

"Shemeji, hilo jiwe umelitoa wapi?"

"Pale kwenye tairi. Si handibreki iko juu?"

Iko juu kweli. Ila handibreki ya Defender hizi za zamani haishiki magurudumu. Ina dramu yake nyuma ya giaboksi, inashika pale propela ya nyuma inapoanzia. Na propela ilikuwa mikononi mwangu. Gia ilikuwa huru. Kwa hiyo handibreki ilikuwa imeshika, tena imeshika barabara, kitu kisichounganishwa na tairi lolote.

Gari likaanza kuondoka. Halikuwa na haraka, na hilo ndilo lililoniudhi. Liliondoka taratibu, kama linalosubiri kuagwa. Nikatupa propela, nikakimbia, nikafungua mlango wa nyuma na kujirusha ndani. Kiti hakuna. Nikateleza kwa tumbo mpaka mbele, kichwa kikaishia chini ya usukani, miguu ikabaki juu. Nikaikamata pedeli ya breki kwa mikono miwili, nikaikandamiza kwa uzito wangu wote.

Bila injini kuwaka, pedeli ile ni ngumu kama jiwe la shemeji. Gari lilipunguza mwendo, likafikiri, kisha nikasikia mbao zikivunjika. Kimya. Halafu sauti ya mzee, karibu sana:

"Dereva yuko wapi?"

"Niko huku chini, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Naona miguu tu."

Nilipotoka, bampa lilikuwa limeingia uani kwake na kukaa katikati ya shuka zilizoanikwa, moja imejifunga kwenye winchi. Bampa halina hata mkwaruzo. Mzee hakuuliza habari za ua. Alitoa sumaku, akaibandika kwenye bampa, ikang'ang'ania.

"Hapa angalau wamekuwekea chuma," akasema.

Shemeji akafika anahema, amelibeba jiwe kifuani. Akaliweka mbele ya tairi, akalisukuma kwa mguu likae sawasawa, akapangusa mikono.

"Sasa haliendi popote."