Mbwa wa Polisi Huchangiwa, Lakini Nani Huulizwa?

Mama yangu kule Likoni hajaacha kucheka tangu nimweleze kwamba huku Massachusetts watu huchangia mbwa wa polisi. Harambee ya bili ya hospitali anaielewa, ya karo pia. Ya mbwa? Tena wa polisi? Nyumbani polisi tunawachangia, ila kando ya barabara na bila risiti.

Mambo yenyewe huenda hivi. Idara ya mji mdogo haina bajeti ya mbwa. Malinois au German shepherd aliyeletwa kutoka Ulaya, pamoja na mafunzo yake na ya askari wake, hula maelfu ya dola. Basi idara huomba ruzuku. AKC Reunite, shirika linalosajili chipu za mbwa na paka ili wakipotea warudishwe, lina mpango wa kuongezea michango: klabu ya wapenda mbwa ikitoa dola 2,500, shirika hutia 7,500 juu yake. Na East Taunton, humu humu jimboni, kuna shirika la Vested Interest in K9s, ambao tangu 2009 hugawa vesti za kukinga mbwa risasi na visu.

Wakenya wenzangu hapa Lowell hukasirika: pesa za mbwa zipo, na jirani anachangisha matibabu mtandaoni! Hasira yao naielewa, ingawa kinachonishughulisha mimi ni kingine.

Sheria ya jimbo hili inataka ruzuku ya idara ya mji ipate idhini ya bodi ya mji kabla haijatumika. Mwananchi anaweza kufika kikaoni akauliza: chakula na daktari wake nani atalipa, mwaka wa tano? Atanusa nini? Atang'ata nani? Maswali hayo si ya kupoteza wakati. Wapiga kura walipohalalisha bangi 2016, mbwa waliofunzwa kuinusa hawakuweza kuambiwa wasahau. Wengine ikabidi wastaafishwe.

Sasa twende Kilindini. African Wildlife Foundation, shirika la kuhifadhi wanyamapori, ilianza mpango wake wa mbwa mwaka 2014. Mbwa na waongozaji wao hufunzwa Usa River, karibu na Arusha, na baadhi wakapelekwa bandari ya Mombasa kufanya kazi na KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Hunusa pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kakakuona. Kazi nzuri, na meno ya ndovu kweli yamepita pale. Lakini sisi wa Pwani tumezika vijana kwa unga, yaani dawa za kulevya, na mbwa hawa hawakuletwa kwa ajili ya unga. Polisi wana mbwa wao, najua. Nasema tu kwamba mfadhili wa ndovu huleta mbwa wa ndovu, na simlaumu. Pesa ni zake.

Tofauti ninayoiona ni kikao. Polisi na wanyamapori kwetu viko chini ya serikali kuu, kwa hiyo mkataba huzungumzwa Nairobi, na mfadhili akiwa ng'ambo. Mbwa mwingine akishushwa Kilindini kesho, Mama atamwona kwenye taarifa ya habari, wakubwa wakiwa tayari wamepiga picha ya makabidhiano.