Jamani, Mimi Sifugi Bundi

Simu yangu tangu jana haipumui. Kundi la familia, kundi la tuliosoma pamoja, kundi la jumuiya, hata kundi la waendesha pikipiki ambalo niliingizwa kimakosa na nimeona aibu kujitoa. Kote inazunguka picha moja: mimi, mweusi tii kuanzia utosini hadi kifuani, sururu mkononi. Pembeni yangu bundi kakaa juu ya mkungu wa ndizi. Chini sakafuni kuna pembetatu ya chaki yenye herufi kila kona. Na chini ya picha maneno ya rafiki yangu, nilidhani ni rafiki: "Sasa tumejua siri ya mafanikio ya jamaa."

Mafanikio gani, ndugu zangu? Mwenye mafanikio anabomoa ukuta kwa mkono wake mwenyewe Jumamosi asubuhi?

Nyumba mnaijua, ile ya mzee pale Shanty Town, Moshi, ya mawe, yenye dohani, lile bomba la kutolea moshi wa jikoni. Kwa wasioijua, zile nyumba ni za enzi za Mwingereza. Unene wa ukuta wake, mtoto analala dirishani na bado unapata pa kuweka chupa ya chai. Mimi nimekulia humo na sikuwahi kuona tatizo, mpaka Mama Junior alipokwenda Arusha kumtembelea dada yake Njiro. Shemeji kajenga juzijuzi, tofali za bloku, kila kitu kimenyooka, kabati za jikoni ukizisukuma zinajifunga zenyewe bila kelele. Mama Junior akarudi haongei. Mliooa mnaielewa aina hiyo ya kutoongea. Na kipaimara cha Junior kiko mlangoni, wageni watafika, jiko letu watu watalitazama.

Nikampigia shemeji anitumie bajeti yake. Akatuma yote hadi bei ya skrubu: kabati za MDF (mbao za kushindiliwa kiwandani), meza ya graniti, sinki la matundu mawili, marumaru, ufundi. Jumla milioni 6 na nusu. Nikaichukua hivyohivyo, palipoandikwa Njiro nikaandika Moshi. Kabati nikaagiza kwa seremala wake yuleyule, kwa vipimo vilevile, ili tusipoteze muda.

Kwenye mstari wa dharura shemeji alikuwa ameweka asilimia 10. Wanaojua kazi wanasema kwa nyumba ya zamani uweke 20, maana hujui ukuta umemeza nini. Mimi niliweka laki 2, na hizo laki 2 ziliishia Pasua kwenye kitimoto siku ya kumkaribisha fundi. Naomba tuendelee.

Fundi wangu ni mtu mzima wa Majengo, hacheki ovyo. Akaingia jikoni, akatoa timazi, ile kamba yenye kizito cha kupimia wima, akaining'iniza. Akaangalia timazi, akaangalia ukuta, akaniangalia mimi. Kisha akapima ile ya tatu-nne-tano: futi 3 ukuta huu, futi 4 ukuta ule, mshazari unatakiwa kuja futi 5 kamili, ndipo kona iwe ya mraba. Ukaja futi 5 na inchi moja na nusu.

"Bosi, kona yako imefunguka."

Nikamwambia apime ile nyingine. Hiyo ikawa imejifunga.

Na kabati zilikuwa zimeshafika kutoka Arusha, ziko sebuleni ndani ya maboksi, zimenyooka kwa fujo.

Fundi umeme naye akafungua soketi moja, zile za zamani za matundu ya duara. Akakuta waya umevishwa mpira na kitambaa, na ukiugusa tu unapukutika. Oveni aliyoichagua Mama Junior inakula kilowati 3. Akairudisha soketi taratibu, kwa heshima zote, akasema hapa tukiwasha oveni tutapikwa sisi. Bomba za chuma zikakatwa, ndani kutu imejaa, tundu limebaki la kupitisha kalamu. Basi laki 8 zikaondoka kwenye waya na bomba, vitu ambavyo mgeni wa kipaimara hatakaa avione hata ukimwonyesha kwa kidole.

Sasa ile pembetatu. Nina binamu yuko Marekani, ndiye aliyenitia kwenye haya. Akaniambia jiko la maana linapangwa kwa pembetatu: sinki, jiko la kupikia na friji. Upande mmoja usipungue futi 4 wala usizidi 9, na pande zote tatu ukizijumlisha zisizidi futi 26, ili mpishi asitembee sana. Nikaona ni jambo la kitaalamu. Nikachukua chaki ya Junior, nikachora palepale kwenye ile sakafu nyekundu ya saruji inayopigwa nta, mistari ikakaa vizuri inaonekana hata ukiwa mlangoni. Kwenye kila kona nikaandika herufi. S, J na F. Hizo herufi zikumbukeni.

Tatizo, kona ya F iliangukia kwenye dohani. Pale palikuwa na jiko la kuni zamani. Baba alipohamia kwenye gesi aliliziba kwa matofali, akapiga plasta, akatundika kalenda. Kila mwaka kalenda mpya, nyuma yake hakuna aliyewahi kuuliza kuna nini. Fundi akasema dohani inabomolewa kuanzia juu ya bati kushuka chini, halafu unaziba paa, laki 4 na nusu. Nikamwambia mbona mimi sitaki kuitoa, nataka tu kufungua mdomo wake niingize friji. Akanitazama kwa muda. Akasema hiyo ananiachia mwenyewe, akatoka kwenda kukaa chini ya mparachichi.

Jumamosi hiyo ndiyo mama mkwe akashuka na haisi kutoka Kibosho, yeye na mashangazi wa mke wangu, na mkungu mzima wa mshare, kuja kuona maandalizi yamefikia wapi. Wakaingia moja kwa moja jikoni. Na yule rafiki naye kafika, eti kusaidia, simu mkononi, anarekodi video.

Hapa naomba niende polepole, kwa sababu kwenye video yake ameharakisha.

Nikatoa kalenda. Nikapiga sururu. Plasta ikamwagika, tofali la kwanza likatoka zuri kabisa, mama mkwe akasema, "Pole na kazi, baba." Nikajisikia mwanamume. La pili likatoka. La tatu nikalivuta kwa mkono, na kutoka ndani ya ukuta ikasikika sauti, ndefu, ya kukwaruza: ssssssss.

Rafiki akapiga kelele, "Nyoka!" Mnasema ile sauti inayoita mama kwenye video ni yangu. Sina la kusema, ila kumbukeni jikoni tulikuwa wengi na kila mtu ana mama yake.

Mwenye akili angerudi nyuma. Lakini mkwe wako amesimama pale anakutazama, amekupa binti yake, wewe utarudi nyuma uende wapi? Nikawasha tochi ya simu, nikaingiza kichwa kwenye lile tundu niangalie juu.

Juu hakukuwa na mbingu. Kulikuwa na vijiti, rundo la vijiti vya kunguru vilivyokwama tangu enzi. Chini kidogo ya vijiti, kwenye kishubaka cha tofali, kulikuwa na uso. Mweupe, umechorwa umbo la kopa ya karata, macho meusi mawili. Ukafungua mdomo: ssssssss. Pembeni yake nyuso nyingine mbili ndogo, nazo: ssssssss. Sikujua kwamba aina hii ya bundi hulia hivyo. Nimejua kwa gharama.

Nikataka kutoka. Kichwa kiliingia bila masikio kulalamika, lakini kwenye kutoka masikio yakagoma. Nikajivuta, sururu ikagonga ukuta, na kijiti kimoja kikashuka, kikanigonga puani. Kikafuata kingine. Kisha kimya, kimya kirefu, nikasikia shangazi mmoja nyuma yangu anauliza, "Mbona kanyamaza?"

Masizi hayana haraka, jamani. Hayaanguki yakaisha. Yalianza nywele, yakajaza masikio, yakaingia kwenye kola ya shati yakashuka mgongoni mpaka kiunoni, makavu, laini, yananuka ugimbi na nyama iliyochomwa kabla sijazaliwa. Nilifumba macho, lakini mdomo niliusahau wazi. Na katikati ya hayo yote mama mwenye nyumba akaamua kuhama. Bundi akiruka hana sauti, manyoya yake ncha zake ni laini mno. Kwa hiyo sikusikia chochote. Nilihisi upepo tu shavuni, na ukucha mmoja ukakanyaga nyusi yangu kwa ajili ya kupata nguvu ya kupaa.

Nilipochomoka, hakuna aliyekuwa ananiangalia. Bundi alikuwa juu ya mkungu wa mshare, mchana kweupe, ametulia, anageuza shingo taratibu kumwangalia mtu mmoja mmoja. Nikaona macho ya mama mkwe yakisafiri. Yakatoka kwa bundi yakaja kwangu, yakashuka miguuni pangu, yakaikuta pembetatu. Yakazunguka kona moja, ya pili, ya tatu.

Shangazi mkubwa ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini sana: "S, J, F. Hiyo F ni nani?"

Yule shangazi anashtuka sana jamani, kwa sababu jina lake linaanza na F.

Nikataka kusema friji. Ni neno dogo tu. Lakini mdomo umejaa masizi, nikafungua nikatoa "fff, fff," na wingu jeusi likatoka kumwelekea. Hapo ndipo picha ikapigwa.

Yaliyofuata ni mafupi. Rozari ilitolewa, haisi ikaitwa, mkungu wa ndizi ukaachwa na hakuna wa kuugusa. Shangazi F amekwishaniombea misa. Bundi alirudi kwa watoto wake jioni, na mtoto wangu anawapenda, eti wao ndio sababu nyumba hii haijawahi kuwa na panya na sifa zote tulikuwa tunampa paka. Fundi amesema dohani haigusi mtu mpaka vifaranga vitoke, na akirudi bei yake si ile. Friji iko sebuleni, nafungua mlango wake nikiwa nimekaa kwenye kochi, binamu wa Marekani hana la kusema. Chakula cha kipaimara kitapikwa nje kwenye mafiga, kwa masufuria makubwa, kama ambavyo kila sherehe ya ukoo huu imepikwa, jambo ambalo Mama Junior amenikumbusha mara moja tu, kwa upole wa kutisha.

Kwa hiyo, wakati bado mnacheka: nauza kabati za jikoni, mpya kabisa, MDF, rangi ya krimu, urefu futi 10, zinajifunga zenyewe. Ziko Moshi. Mnunuzi aje na vipimo vya ukuta wake, na kabla ya kunipigia apime tatu-nne-tano kona zote mbili. Usafiri juu yako.