Pulsa zikibadili hali: ni mambo ya nchani au ya nyota nzima?

Mwaka 1970 mwanaastronomia Donald Backer alionyesha kuwa B1237+25, mojawapo ya pulsa (nyota za nyutroni zinazozunguka na kutuma mapigo ya mawimbi ya redio), haitoi mapigo ya sura moja siku zote. Sura moja hudumu kwa muda, kisha nyingine inaingia ghafla. Tangu hapo wanaastronomia wamegawanyika. Wapo wanaosema kinachobadilika ni cheche za umeme tu zilizo juu ya ncha ya sumaku ya nyota, eneo lenye upana wa mita mia kadhaa. Wengine wanasema uga wote wa sumaku unaoizunguka nyota hujipanga upya.

Hoja nzito ya kambi ya pili inatoka kwa B1931+24. Pulsa hii husikika kwa takriban wiki moja, halafu hunyamaza karibu mwezi mzima. Michael Kramer na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba ikiwa inasikika, mzunguko wake hupungua kasi kwa kiwango kinachozidi cha wakati wa ukimya kwa asilimia 50 hivi. Mawimbi ya redio hubeba sehemu ndogo mno ya nishati ya nyota, kwa hiyo si yenyewe yanayoivuta breki. Lazima mkondo wa chembe zenye chaji uwe umebadilika. Cheche za nchani peke yake hazitoshi, kwa maoni yangu.

Lakini eksirei zinavuruga hesabu. Kwa B0943+10, redio inapofifia eksirei huongezeka. Kwa B0823+26 ni kinyume: redio ikififia, eksirei nazo hazionekani. B1822-09 nayo hubadili hali ya redio huku eksirei zake zikibaki vilevile, kana kwamba hazina habari. Nadharia moja ya uga mzima ilipaswa kutabiri jambo moja, si matatu.

Pingamizi la kasi, kwamba uga mkubwa hauwezi kugeuka ndani ya mzunguko mmoja, halinishawishi. B0943+10 huzunguka mara moja kwa sekunde 1.1, na mwanga hutoka kwenye nyota hadi ukingo wa uga huo, kama kilomita 52,000, kwa sekunde 0.17 tu. Muda upo.

Kambi hii ninayoielekea inakwama kwingine: nyota kama B1931+24, inayozunguka mara moja kwa sekunde 0.8, inapata wapi saa ya kuhesabu mwezi mzima wa ukimya? Cheche nazo hazina saa hiyo.