Chupa ya kioo na hatima ya kiwanda cha soda Moshi

Mazungumzo ya viwanda Moshi hayachelewi kugeuka kilio. Mmoja atataja magunia, mwingine ngozi, mwingine Kilimanjaro Machine Tools na miaka yake mirefu ya ukimya. Mwishowe anatokea wa kuuliza: "Sasa Bonite si ipo?" Ipo kweli, pale Shirimatunda. Inajaza Coca-Cola, Fanta na Sprite za ukanda wa kaskazini, pamoja na maji ya Kilimanjaro yanayouzwa mpaka Dar es Salaam. Kinachobishaniwa ni maana ya kuwapo kwake: je, ni ushahidi kwamba mji wa kadiri ya Moshi unaweza kuwa na kiwanda chake, au ni bomba tu la kupitishia mali ya watu wa mbali?

Wanaokisifu wana historia upande wao. Kiwanda ni zao la miaka ya 1980, nchi ikiwa ndiyo inajinasua kwenye foleni za sukari na sabuni. Tangu Azimio la Arusha la 1967 viwanda vikubwa vilikuwa mali ya umma, na ile vita ya wahujumu uchumi ya 1983 ilimfanya kila mwenye mali atazamwe kwa jicho la pembeni. Katika hali hiyo Reginald Mengi, mtu wa Machame, mhasibu aliyesomea Scotland, akaanza kujenga kundi la kampuni za IPP na kuleta kiwanda cha soda nyumbani, asikipeleke Dar. Alifariki Mei 2019 akazikwa Machame, na kiwanda kikaendelea kupakia malori.

Umiliki wa mzawa si jambo la kupuuza. Tazama yaliyoipata Kibo Breweries, kiwanda cha bia cha Wakenya hapa hapa Moshi. Mwaka 2002 East African Breweries na South African Breweries walimaliza vita vyao vya soko kwa kubadilishana hisa: Waafrika Kusini wakafunga kiwanda chao cha Thika, Wakenya wakafunga cha Moshi. Mji ulipoteza kiwanda kwa mapatano ambayo haukualikwa kuyasikiliza. Bonite haikupatwa na kitu kama hicho. Hata kampuni nyingi za kujaza Coca-Cola barani zilipounganishwa mwaka 2016 kuwa Coca-Cola Beverages Africa, yenyewe ilibaki nje ya kundi.

Wanaopinga nao wanauliza kilichomo ndani ya chupa, na wana haki ya kuuliza. Kiini cha kinywaji kinatoka kwa mwenye jina, na kanuni ya kukichanganya ni yake. Sukari, ambayo kwa soda ya kawaida ni karibu gramu 10 katika kila mililita 100, haitoki kiwanda cha sukari cha TPC ingawa mashamba yake yako mwendo mfupi kusini mwa mji. TPC inatengeneza sukari ya mezani. Soda inataka sukari ya viwandani iliyosafishwa zaidi, na hiyo huagizwa nje. Kwa miaka kadhaa waagizaji walitozwa ushuru wa ziada wa asilimia 15, urudishwe wakishathibitisha kwamba sukari haikupenyezwa madukani, na fedha za watu zikakaa serikalini kwa muda mrefu. Ukitoa hivyo viwili, cha Moshi kinabaki maji, umeme na mikono ya watu.

Hoja zote mbili ni za kweli, ila kwa maoni yangu hazielezi kwa nini kiwanda kiliwekwa Moshi. Kilichokiweka hapa ni chupa ya kioo.

Soda ya kioo ni biashara ya kwenda na kurudi. Kreti ya chupa 24 inashushwa dukani, na nyingine ya chupa tupu inapanda kwenye lori lile lile. Kiwandani zinaoshwa kwa magadi makali ya moto, zinapitishwa mbele ya taa kutafuta nyufa na uchafu, zinajazwa tena. Shika chupa iliyozunguka miaka mingi uone ule mkanda mweupe wa mikwaruzo mabegani, mahali inapogusana na wenzake. Kioo ni kizito, na kukirudisha tupu kutoka Moshi hadi Dar ni gharama isiyolipa. Kwa hiyo kila ukanda ulihitaji kiwanda chake. Hata Pepsi ya kaskazini inajazwa Arusha, kilomita 80 hivi kutoka hapa.

Lakini tusikipambe kioo. Mzigo wake aliubeba mwenye duka, aliyefungia mtaji kwenye kreti tupu, na mteja aliyeulizwa "ya moto au ya baridi?" kisha akaambiwa aache hela ya chupa au anywe pale pale, kifungulio kikiwa kimefungwa kwa kamba kwenye friji. Plastiki ilimwondolea adha hiyo. Unanunua, unapanda Noah, unakwenda zako Himo. Sioni sababu ya kumlaumu mtu kwa kupenda hivyo.

Tatizo ni kwamba plastiki haina haja ya kurudi. Soda za Azam na za Mo zimetufikia kutoka Dar bila mtu kujenga kiwanda cha kuosha chupa Moshi. Chupa zenyewe zinaishia kwenye mitaro na kingo za Mto Karanga, au kwenye viroba vya waokotaji wanaoziuza kwa kilo. Uzito wa kioo ulikuwa kinga ya kiwanda cha mkoani, na kinga hiyo inapungua kila friji inapojazwa plastiki. Maji ya Kilimanjaro yanasaidia kwa kuwa jina ni la hapa, ingawa nayo yanauzwa ndani ya plastiki hiyo hiyo, kwa watu ambao maji yao ya bomba yanatoka kwenye chemchemi.

Wako wanaotaka amana, yaani ile hela ya chupa, iwekwe kwenye chupa ya plastiki pia. Naikubali nusu. Ingesafisha mitaro na kumrudishia faida mwenye kiwanda cha karibu, ila mzigo ungemrudia mama wa genge, ambaye hana pa kuweka maelfu ya chupa za watu. Ningeanzia kwenye hoteli na kumbi za sherehe. Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani na kila Jumamosi ina harusi au kipaimara, soda huagizwa kwa kreti, hunywewa mahali pamoja, na chupa huhesabiwa kabla wageni hawajatawanyika. Hapo kioo hakimsumbui mtu, na lori linalorudi Shirimatunda halirudi bure.